Mwano Uwanjani

Kwa mwaka mzima wa kwanza katika chuo cha kilimo pale Mpanda, Mwandu hakucheza mpira, aliukalia. Alikalia benchi mpaka suruali yake ya mazoezi ikapata upara nyuma, na wenzake wakambandika jina la Mwenyekiti. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu asiye na safari, na kocha Leodgar aliamini kwamba mtu wa namna hiyo hafai kitu uwanjani, labda awe mlingoti wa goli. Leodgar alikuwa Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, mwalimu wa somo la udongo, mwimbaji wa besi kanisani, na utani wake ulikuwa na meno. Alimwambia Mwandu mbele ya timu nzima kwamba ng'ombe wa Wasukuma wenzake walishakula mpunga wa mama yake Leodgar, kwa hiyo asitegemee na yeye kuja kula namba ya mtu.

Namba yenyewe ilikuwa kumi, na mwenyewe alikuwa Agape, kijana wa mwaka wa mwisho aliyependwa na kila mtu, na kupendwa zaidi na yeye mwenyewe. Timu ilipokwenda Karema kucheza mechi ya kirafiki, Agape alizama mguu kwenye mchanga wa ule uwanja wa kando ya ziwa, goti likageuka, wakamtoa amebebwa. Leodgar alikuwa amekwisha kuingiza viungo wote aliokuwa nao. Akamtazama Mwenyekiti kwa macho ya mtu anayetazama kiporo, akamwambia aingie na asiharibu.

Aliingia na hakuharibu. Alitoa pasi mbili za magoli, na siku hiyo ndiyo watu walipousikia mluzi kwa mara ya kwanza.

Mwandu alikuwa amekua akichunga ng'ombe wa baba yake, Mzee Nkwabi, kwenye mbuga za Mpimbwe zinazopakana na hifadhi. Aliyechunga kundi kubwa anajua kwamba hutakiwi kumtazama ng'ombe aliye karibu nawe. Unamtazama yule wa mbali anayeanza kugeuza shingo, maana huyo ndiye atakayeamua wengine waende wapi. Hivyo ndivyo alivyousoma uwanja. Na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo, aliwaongoza wenzake kama alivyoongoza mifugo, vidole viwili mdomoni. Mluzi mmoja mrefu wa kupanda maana yake winga akimbie nyuma ya beki. Miwili mifupi, mpira urudi kwake. Mmoja wa kushuka, geuzeni upande wa pili.

Mwanzoni wenzake walicheka, wakasema wao si mitamba. Walipoanza kushinda waliacha kucheka. Walishinda Mwese, kwenye uwanja ulioinama mpaka kipa anaona vichwa tu vya mabeki wa upande wa pili. Walishinda Mishamo, ambako watazamaji walifika kwa baiskeli na pikipiki kutoka kila kijiji, na mechi ilipokwisha watoto wote walikuwa wanapiga miluzi njiani. Mwaka wa pili ulipomalizika hakuna aliyemwita tena Mwenyekiti. Leodgar mwenyewe alikiri, kwa namna yake, kwamba mpunga wa mama yake umelipwa.

Ulikuwepo mluzi mmoja tu ambao Mwandu hakuwafundisha. Kwa Wasukuma, mwano ni mwito wa hatari. Anayeusikia haulizi maswali na hamalizi tonge alilolishika, anachukua fimbo na kukimbilia unakotoka. Unaweza kuwa wa yowe au wa filimbi, na wachungaji wa ukoo wa Mzee Nkwabi walikuwa na mwano wao wa mluzi, mitatu ya haraka ya kupanda, halafu mmoja unaokatika ghafla kana kwamba mpigaji amezibwa mdomo. Asiyeitikia hukalishwa mbele ya wazee. Anayeupiga bure hukalishwa vilevile, na mpaka wazee wamalize shauri lake hakuna wa kumpa moto wala wa kuonja chakula chake.

Mwandu alikuwa ameupiga mara moja tu maishani. Alikuwa bado mdogo, na mdogo zaidi yake alikuwa Kashinje, mtoto wa baba yake mdogo, aliyeingia kichakani kutafuta ndama bila kujua kwamba humo mlikuwa na simba jike mwenye watoto. Mwandu alikuwa juu ya kichuguu, akaona majani yakigawanyika. Alipiga mwano mpaka midomo ikachanika. Wanaume walitoka miji yote ya jirani na mikuki na fimbo na makelele, simba akaondoka na watoto wake, na Kashinje akatolewa kichakani bila hata mkwaruzo. Aliyeumia ni Mzee Nkwabi peke yake. Alikuwa mbele ya wote, akakanyaga shimo la muhanga, na tangu siku hiyo mguu wake wa kulia ukawa wa kuvuta.

Mzee hakuwa adui wa mpira. Alikuwa adui wa kungojangoja. Mwandu alipoingia mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho, baba yake alimwambia waziwazi kwamba akimaliza chuo bila timu yoyote kumwita, atarudi nyumbani kusimamia ng'ombe, kwa sababu kundi halichungwi kwa matumaini. Mwandu alikubali. Kaka zake walikwisha kuondoka, mzee anachechemea, na hakuna mtu anayelipwa kwa kuwa namba kumi wa chuo cha kilimo.

Ndipo likaja jina la Isidori. Alikuwa mtafuta vipaji wa timu moja ya Mbeya, na Leodgar alikuwa amembembeleza kwa simu msimu mzima. Mwishowe alikubali kuja kutazama fainali ya vyuo vya mkoa, mechi moja tu, na alisema anatafuta kiungo mchezeshaji. Kwa hiyo Mwandu alijua kwamba maisha yake yote ya mpira, tangu ule mchanga wa Karema, yanakwenda kupimwa kwa alasiri moja.

Fainali ilichezwa kwenye uwanja wa chuo chenyewe, Jumamosi ya mwezi wa tano. Upande wa reli majani yalikuwa bado marefu, maana mvua zilichelewa kukatika, na wiki hiyohiyo vibarua walikuwa wameua swila humo. Hakukuwa na uzio, ni kamba tu. Wapinzani walikuwa chuo cha afya, na beki wao wa kati, aliyeingia mwaka wa kwanza na kuipata namba yake bila kukalia benchi hata siku moja, alikuwa Kashinje.

Ukoo mzima ulikuja. Walikodi lori kutoka Mpimbwe, wazee wa makoti na kofia na fimbo zao, kina mama na mitandio yao, wakajipanga kwenye kamba bila kujua washangilie upande gani. Mzee Nkwabi alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akicheza. Alisimama karibu na kibendera cha kona, ameegemea fimbo, amevaa koti lake la kwenda mnadani.

Kashinje alimfuata Mwandu kabla ya mechi, akamshika mkono kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mkubwa. Akasema, "Kaka, leo utanisamehe." Mwandu alicheka, akamwambia amsamehe yeye mapema. Hakufikiri zaidi ya hapo, na alipaswa kufikiri, maana miluzi ile walichunga nayo pamoja. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Mpira ulipoanza, Mwandu alipokea, akainua macho, akaona nafasi nyuma ya beki wa kushoto. Akapiga mluzi mrefu wa kupanda. Kabla winga wake hajainua mguu, Kashinje alikuwa amekwisha kupaza sauti kwa mwenzake kwamba nyuma, anakuja nyuma. Pasi ilikwenda, ikamkuta beki anaingoja. Akajaribu kugeuza upande, ule mluzi wa kushuka, na timu nzima ya chuo cha afya ikageuka pamoja naye. Akapiga miwili mifupi, na mpira ulipomrudia ulikuja na watu wawili.

Akajaribu ujanja. Akapiga mrefu huku anataka kugeuza, lakini wenzake nao walikuwa wamezoea kumtii, winga akatimka mbele, mpira ukaenda nyuma, ukatoka nje, mashabiki wakazomea. Hakuweza kumdanganya Kashinje bila kuwadanganya watu wake mwenyewe. Kila alichokijenga kwa miaka miwili kilikuwa mkononi mwa mtoto aliyekunywa naye maziwa kwenye kibuyu kimoja.

Mabeki wa chuo cha afya nao wakaanza kulalamika kwa refa kwamba miluzi inawachanganya, wanadhani ni filimbi yake. Refa alikuwa dada mmoja aitwaye Marsela, mfupi, asiyecheka na mtu. Alimwonya Mwandu mara ya kwanza. Mara ya pili mchezaji mmoja alisimama kabisa katikati ya mbio, na Marsela akatoa kadi ya njano. Akamweleza kwa upole kwamba akimdanganya mpinzani kwa mluzi tena, atatoka.

Wakati wa mapumziko Leodgar hakupiga kelele, na hilo liliwatisha wachezaji kuliko kelele. Alimwambia Mwandu afunge mdomo atumie miguu, au amesahau kwamba anayo? Kisha akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yule bwana ameuliza kama namba kumi anaumwa.

Yule bwana alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya gari lake, kijiti cha meno mdomoni. Mwandu alijizuia kumtazama, na kwa kujizuia akamtazama kila dakika.

Kipindi cha pili kilikuwa cha mateso. Bila miluzi, timu ilikuwa bubu. Optatus, mshambuliaji wao, kijana wa Karema mwenye mabega ya kuvuta nyavu, alikuwa akikimbia hatua chache na kugeuka nyuma, anangoja aambiwe. Mwandu alimpigia kelele lakini sauti yake haikufika, ilimezwa na ngoma za mashabiki. Alipiga shuti moja likagonga mwamba. Walikoswa goli mara mbili, kipa wao Melkior akaokoa kwa goti. Bado hapakuwa na goli hata moja. Jua lilianza kushuka upande wa reli, na Mwandu akamwona Isidori anasimama, anaweka kiti chake pembeni, anamsogelea dereva.

Hapo ndipo lilipokuja wazo. Ingekuwa rahisi kusema kwamba Mwandu alipitiwa, kwamba shetani alimsukuma, na wako watu mpaka leo wanaomtetea hivyo. Hakupitiwa. Wazo lilikuja mpira ukiwa nje, wakati mtu ameufuata kwenye majani, na alipata muda wa kutosha kuligeuza, kulikataa, na kulichukua tena. Alimtazama Kashinje aliyesimama bega kwa bega na Optatus, hachezi na mpira tena, anacheza na kaka yake. Alijua kuna sauti moja tu duniani ambayo mwili wa Kashinje utaitii kabla ya akili yake. Alimtazama tena Isidori. Mlango wa gari ulikuwa wazi.

Mpira ukarushwa, ukamjia. Aliukanyaga. Akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mitatu ya haraka ya kupanda, na wa nne akaukata.

Kashinje aligeuka mzima mzima. Mikono ilifunguka, macho yakatoka kutafuta, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya kichaka. Mwandu aliuona uso huo vizuri sana kwa sababu mpira aliupitisha kandokando yake. Optatus hakuhitaji kuambiwa. Aliukuta peke yake, akampiga kipa chenga, akausukuma ndani.

Kelele za goli zilidumu kidogo tu, kisha zikageuka kelele nyingine. Kamba ilikatika. Wazee wa makoti walikuwa wanaingia uwanjani kutoka pande zote, fimbo juu, kofia zinadondoka, hakuna hata mmoja anayetazama goli. Kina mama walikuwa wanakusanya watoto, wowote waliowafikia, wa Kifipa, wa Kibende, wa walimu, wakiwavuta kuelekea majengoni. Mashabiki wa Mpanda mjini walidhani ni vurugu za mpira, wakaanza kukimbia. Leodgar alisimama kwenye mstari mikono kichwani. Na mbele ya wote, akirusha ule mguu wa kulia kama mzigo usio wake, alikuja Mzee Nkwabi.

Alifika hapo alipokuwa Mwandu akiwa hana pumzi. Kwanza alimshika, akampapasa mabega na mikono na mgongo, akaona mzima. Kisha akamgeuzia mgongo, akamkinga, akainua fimbo.

"Wapi?" aliuliza.

Mwandu hakuwa amefikiria hili. Kwa mambo yote aliyoyageuza kichwani, hakuwa amefikiria kwamba mluzi ule ungevuka mstari. Alikuwa ameuona uwanja tu. Sasa wazee walikuwa wamemzunguka, vifua vinapanda na kushuka, wote wanatazama nje, migongo yao kwake. Kashinje alikuwa miongoni mwao, na jezi yake ya chuo cha afya.

Marsela alisukuma watu akapita. Alikuwa na kadi mkononi lakini hajaiinua. Mabeki wa chuo cha afya walikuwa wanamlilia kwamba beki wao amedanganywa. Yeye alitazama zile fimbo, akamtazama mzee, akaelewa kwamba hapa pana jambo ambalo halimo kwenye sheria zake. Akamuuliza Mwandu ule mluzi ulikuwa wa nini. Akamwambia sikiliza, kama kuna hatari kweli sina kosa la kukuandikia, filimbi yangu sikuipuliza na goli ni goli. Kama hakuna, unajua.

Nyuma ya kichwa cha Marsela, Isidori alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama kwenye mstari, kijiti kimetoka mdomoni, na anamtazama Mwandu peke yake.

"Nyoka," Mwandu alisema. "Nimeona nyoka. Ameingia majani ya pale."

Alionyesha upande wa reli. Hakuna aliyemtilia shaka. Vibarua si waliua swila hapo juzi? Marsela alishusha kadi, akawaamuru wachezaji wote wakae katikati ya uwanja. Optatus alimkonyeza Mwandu, maana yeye alidhani ni ujanja wa mpira kama ujanja mwingine.

Wazee walishaanza kwenda. Walijipanga mstari mmoja bila kuambizana, wakaingia kwenye majani wakipigapiga chini kwa fimbo, hatua kwa hatua, kama wanavyotafuta kitu kinachouma. Waliwapigia kelele watu waliokaa kandokando ya reli waondoke. Mzee Nkwabi alikuwa katikati yao. Mguu ulikuwa unamsumbua baada ya zile mbio, akawa anainama kuushika, anapiga majani mbele, anainama tena. Koti la mnadani lilijaa mbegu za majani. Alikuwa anatafuta kwa makini sana, jani kwa jani, kwa ajili ya vijana ambao hata majina yao hakuyajua.

Kashinje alivua viatu vyake vya njumu, kama alivyozoea kukimbia machungani. Alikimbia peku mpaka kwa mzee, akamshika mkono.

"Baba mkubwa, wewe simama hapa," Mwandu alimsikia akisema. "Mguu wako huo. Ngoja mimi niingie."

Akaingia, miguu mitupu, mpaka majani yakamfika kiunoni.

Mwandu alikuwa katikati ya uwanja, na wenzake wakimpigapiga mgongo kwa furaha. Goli lilikuwa lao. Leodgar alikuwa ameanza kutabasamu. Isidori alikuwa anaongea na Leodgar, ameweka mkono begani kwake, na Mwandu alijua wanamwongelea yeye. Ilibaki anyamaze tu. Wazee wangechoka, wangesema nyoka kakimbia, nyoka huwa wanakimbia, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua. Hata Kashinje asingejua. Wote walikuwa wamejua kila mluzi wake, lakini huu wa uongo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuufikiria. Hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa imekwisha, na mahali pake palikuwa na aibu, nzito, inayochoma mpaka masikioni.

Alimwona Kashinje anainama, anagawanya majani kwa mikono.

Alianza kutembea. Marsela alimwita arudi, hakurudi. Leodgar alimwita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuhisi kinachokuja. Mwandu alivuka mstari, akamfikia baba yake, akasimama mbele yake.

"Baba, acha. Hamna nyoka."

Mzee alidhani anaambiwa kwamba nyoka keshakimbia. Akasema asidanganyike, swila hujilaza. Mwandu ikabidi aseme tena, na safari hii akasema kwa sauti ambayo wazee wote waliisikia, na Marsela aliyekuja nyuma yake akaisikia, na Kashinje kule majanini akaisikia.

"Hamna kitu, baba. Nimeupiga bure. Nilitaka Kashinje ageuke."

Fimbo ziliacha kupiga majani. Treni haikupita, ng'ombe hakulia, hakuna kilichosaidia. Kashinje alisimama wima, mikono imejaa mbegu za majani, akatoka upande wa pili ili asipite karibu na kaka yake.

Marsela alifanya kazi yake. Njano ya pili, nyekundu, goli likafutwa. Mechi iliendelea Mwandu akiwa nje, na Kashinje, nyayo zimejaa miba, akiwa amepumzishwa, ikaisha bila goli, na chuo cha kilimo wakafungwa kwa penalti. Optatus alikosa ya kwake na alipotoka alitema mate karibu na miguu ya Mwandu. Gari la Isidori lilikuwa limeondoka kabla ya penalti ya kwanza kupigwa. Leodgar alikuja akakaa kwenye benchi, mahali palepale ambapo Mwenyekiti alikaa mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na utani wowote. Alisema tu kwamba angenyamaza angekuwa Mbeya. Mwandu alijibu kwamba anajua.

Lori la Mpimbwe lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ghala la mbegu. Wazee walikuwa wamekwisha kupanda, na Mwandu alipofika hakuna aliyemsalimu. Mmoja wao alikuwa ameshika sigara isiyowashwa, akawa anamwomba mwenzake kiberiti, na kiberiti kilipita mbele ya uso wa Mwandu kana kwamba pale alipo pako wazi. Shauri lilikuwa limekwisha kuanza.

Kashinje alikuwa amekaa kwenye ubao wa nyuma, medali shingoni, anajitoa miba nyayoni. Hakuinua kichwa.

Mzee Nkwabi alikuwa bado chini, ameegemea tairi, anaukanda mguu. Mwandu alichuchumaa, akataka kumkanda yeye. Mzee hakumsukuma. Aliuacha mkono wa mwanawe ukae pale gotini kwa muda, kisha akauondoa taratibu, akaurudisha kwa mwenyewe.

Akamwambia kwamba wazee watakaa Jumatano, awepo. Ng'ombe wanamngoja hata hivyo. Mwandu akaitikia. Alikuwa anataka kusikia jambo lingine, lolote, hata tusi.

Mzee alijiinua kwa fimbo. Ilimchukua muda. Watu wawili walinyoosha mikono kutoka juu ya lori, lakini kabla hajawapa wake, aligeuka.

"Siku ukiupiga tena nitakuja," alisema. "Wewe ni mwanangu, siwezi kukaa. Ila nitakuja natembea."

Wakamvuta juu. Lori likaondoka kuelekea barabara ya Mpimbwe, na Mwandu akasimama palepale, amebeba begi lake na viatu vya njumu vya Kashinje, vilivyosahauliwa kwenye mstari na ambavyo hakuna mtu kwenye lori aliyekubali kuvipokea mkononi mwake.